Leseni ya maisha au ada ya mwaka? Kwenye nywila, uliza kwanza nani ameshika kasha

Agosti 2021 kampuni ya AgileBits ya Toronto, Kanada, ilitoa toleo la majaribio la 1Password 8, programu ya kutunza nywila, kwa kompyuta za Mac. Wateja wake wa siku nyingi walikuta mambo mawili yamebadilika kwa mpigo. Leseni ya kununua mara moja haikuwepo tena. Kilichobaki ni ada. Na kasha la nywila, ambalo lilikuwa faili kwenye kompyuta ya mteja mwenyewe, akilisawazisha na simu yake kwa Dropbox, iCloud au Wi-Fi ya nyumbani, nalo liliondolewa. Kuanzia hapo kila kasha lingekaa kwenye seva za kampuni. Malalamiko mengi yalikwenda kwenye bei. Mimi naona zito lilikuwa hilo la pili, na kila anayeuliza leo kama anunue leseni ya maisha au alipe kila mwaka anauliza swali la bei mahali penye swali la umiliki.

Hesabu yenyewe si ngumu, basi tuimalize mapema. 1Password 7 ilipotoka Mei 2018, bei ya kawaida ya leseni yake ilikuwa dola 64.99, na ilikuwa ya mfumo mmoja: mwenye Mac na Windows alinunua mbili. Ada ya mtu mmoja ilikuwa dola 2.99 kwa mwezi ikilipwa kwa mwaka, yaani dola 35.88. Kwa mwenye Mac peke yake, leseni ilijilipa baada ya miezi 22. Toleo la 8 la Mac lilitoka rasmi Mei 2022, miaka minne baadaye. Mlipa ada alikuwa ametoa dola 143.52, mwenye leseni dola 64.99. Hiyo ni faida ya kweli. Lakini aliyekuwa na Mac na Windows alitoa dola 129.98, na akiba yake ya miaka minne ilikuwa dola 13 na nusu. Kwa hiyo kabla ya kuhesabu miaka, hesabu vifaa. Leseni inayouzwa kwa mfumo mmoja huwa ghali pale tu mtu anapobadilisha aina ya kompyuta au simu, na watu hubadilisha.

Historia ya leseni hizo ina jambo jingine la kutazama. Aliyenunua toleo la 4 la Mac mwaka 2013 alipewa la 5 na la 6 bila kuongeza senti, hadi la 7 lilipokuja na kutaka malipo mapya. Karibu miaka mitano ya kazi ya wahandisi kwa malipo ya siku moja. Mnunuzi alifurahi, na alikuwa na haki ya kufurahi. Ila kampuni inayoishi hivyo inalazimika kupata wateja wapya kila siku ili kuwahudumia wa zamani, na siku wapya wanapopungua, kuna njia tatu tu: kutoa toleo jipya la kulipia, kuuza kampuni, au kuacha kazi. Neno "maisha" kwenye tangazo la leseni ya maisha ni maisha ya bidhaa. Si yako.

Sasa tuulize leseni inanunua nini hasa. Inanunua toleo. Kwa programu ya kuandikia barua hilo linatosha, kwa sababu barua ya mwaka 2012 inafunguka leo kama ilivyokuwa. Kitunza nywila hakiko hivyo. Kazi yake ni kuingiza nywila ndani ya programu za watu wengine, kwenye vivinjari na mifumo ya simu ambayo watengenezaji wake hawakuulizi kabla ya kubadilisha. Angalia mambo matatu ya muongo mmoja tu. Mwaka 2017 Android 8 ilileta njia rasmi ya programu kujaza nywila, na mwaka uliofuata iOS 12 ikafanya vivyo hivyo. Toleo la kabla ya hapo mara nyingi lilimwacha mtumiaji akinakili nywila na kuibandika, ikibaki kwenye ubao wa kunakili ambako programu nyingine iliweza kuisoma. Mwaka 2023 iOS 17 na Android 14 ziliruhusu programu hizi kutunza funguo za siri (passkeys), zile zinazochukua nafasi ya nywila kabisa. Toleo lililoganda kabla ya hapo haliwezi kuzihifadhi. Na kati ya 2024 na 2025 Chrome ilizima viendelezi, yaani programu ndogo zinazoongezwa kwenye kivinjari, vilivyoandikwa kwa muundo wa zamani uitwao Manifest V2. Kiendelezi cha kivinjari ndicho kiungo kinachooza kwanza katika kitunza nywila chochote. Programu inafunguka, kasha linafunguka, nywila zote zipo, lakini kisanduku cha kuingilia hakijazwi.

Na hapo ndipo penye hatari, kwa maana kisanduku kisipojazwa, mtu hunakili kwa mkono. Kujaza kwa kiendelezi kuna ulinzi ambao wengi hawaufikirii: programu hulinganisha anwani ya tovuti na ile iliyohifadhiwa, na ikikuta tovuti bandia inayofanana na ya benki, hukaa kimya. Anayenakili na kubandika ameupoteza ulinzi huo, na kurasa bandia zimetengenezwa kwa ajili yake.

Kuna la ndani zaidi. Nywila yako kuu haifungui kasha moja kwa moja. Programu huizungusha kwenye hesabu mara maelfu mengi ili kuigeuza kuwa ufunguo, na wingi wa mizunguko hiyo ndio unaomchelewesha mwizi anayejaribu kubahatisha. Kompyuta zikiongezeka nguvu, mizunguko lazima iongezwe. Shirika la OWASP, ambalo miongozo yake hufuatwa na watengenezaji wengi, lilipendekeza mizunguko 600,000 kwa njia ya hesabu iitwayo PBKDF2 yenye SHA-256 mwaka 2023. Miaka miwili nyuma pendekezo lilikuwa 310,000. Toleo lililoganda linabaki na idadi ya siku lilipoganda, labda kama limekupa sehemu ya kuibadilisha mwenyewe.

Hadi hapa ada inaonekana kushinda. Isipokuwa ada hainunui uangalifu. LastPass, kitunza nywila kingine, ilikuwa ikitoza ada ya mwaka. Desemba 2022 ilitangaza kwamba wezi walioingia mwaka huo walikuwa wameondoka na nakala za makasha ya wateja, na kwamba anwani za tovuti ndani ya makasha hayo hazikuwa zimesimbwa. Mwizi hakuhitaji kufungua kasha kujua mtu ana akaunti benki gani. Kiwango cha kawaida cha mizunguko kwa akaunti mpya kilikuwa 100,100 tangu 2018, lakini akaunti nyingi za zamani zilikuwa zimeachwa kwenye 5,000, na nyingine chini zaidi, kwa sababu kampuni haikuzipandisha zote. Watu hao walilipa ada mwaka baada ya mwaka kwa ajili ya kazi hiyohiyo ambayo haikufanywa. Na ada yenyewe ilipanda: dola 12 kwa mwaka hadi 2017, ikawa 24, na mwaka 2019 ikawa 36. Mara tatu ndani ya muda usiozidi miaka miwili. Waliokuwa bure nao walitakiwa kuanzia Machi 2021 wachague, simu au kompyuta, si vyote viwili.

Bure ina hatari ya aina yake. Microsoft Authenticator ilitunza nywila bila malipo. Juni 2025 ikaacha kupokea mpya, Julai ikaacha kujaza, Agosti nywila zilizokuwa humo hazikufikika tena kupitia programu hiyo. Miezi mitatu.

Ndiyo maana nasema bei ni swali la pili. La kwanza ni hili: siku nitakapoacha kulipa, au watakapoacha kuuza, kasha langu litakuwa wapi na litafunguliwa na nini? Kwa 1Password jibu limeandikwa: akaunti isiyolipiwa hugandishwa, unaweza kusoma na kutoa data yako, huwezi kuongeza wala kuhariri. Hilo ni sharti la heshima. Kwa Bitwarden, ambayo kwa miaka mingi ada yake ilikuwa dola 10 kwa mwaka, anayeacha kulipa hurudi kwenye huduma ya bure na nywila zake zote zinabaki. Kinachokatika ni ziada, na katika ziada hizo kuna moja inayouma: programu huacha kuonyesha misimbo ya tarakimu sita ya uthibitisho. Mbegu za misimbo hiyo, yaani siri zinazoizalisha, bado zimo ndani ya kumbukumbu, lakini msimbo hautolewi. Aliyeweka misimbo ya barua pepe yake humo, kisha malipo yakakwama, anaweza kujikuta nje ya barua pepe ileile inayopokea onyo la malipo.

Na malipo hukwama. Kwa msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam, hii ndiyo hoja nzito ya kutetea leseni ya mara moja, nzito kuliko akiba yoyote ya dola. Ada hizi hutozwa kwa dola. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa karibu Sh124 za Kenya. Januari 2024 ilifika Sh160. Ada ileile ya dola 35.88 ilitoka karibu Sh4,450 ikawa Sh5,740 bila kampuni kugusa bei, kisha ikashuka tena shilingi ilipopata nguvu mwezi Machi. Ongeza VAT, ya asilimia 16 kwa Kenya na Tanzania kwa kiwango chake, ambayo muuzaji wa nje aliyesajiliwa hutakiwa kuitoza kwenye huduma za kidijitali. Bei ya tangazo sio itakayokatwa. Halafu wengi hulipa kwa kadi pepe zilizounganishwa na pochi ya simu, kama ile ya M-Pesa GlobalPay ambayo Safaricom na Visa waliizindua 2022. Kadi ya namna hiyo hukata kwenye salio lililopo dakika hiyo. Salio likipungua shilingi hamsini, malipo yanakataliwa, na kampuni iliyo nje haijui kwamba mshahara unaingia kesho.

Anayechagua ada akiwa huku, basi, alipe kwa mwaka. Kwa mwezi kuna tarehe kumi na mbili za kukwama. Kwa mwaka kuna moja. Aiandike tarehe hiyo kwenye kalenda ya simu wiki moja kabla, aweke salio na akiba kidogo ya mabadiliko ya dola, na ahakikishe kadi haijaisha muda wake. Misimbo ya barua pepe kuu isikae ndani ya kitunza nywila cha kulipia peke yake. Ikae kwenye programu nyingine pia, na misimbo ya dharura ya barua pepe hiyo iandikwe karatasini.

Leseni ya mara moja bado ipo sokoni. Enpass ya India, kwa mfano, imeendelea kuuza ya takriban dola 100 sambamba na ada ya mwaka. Kinachoifanya istahili kufikiriwa ni mahali kasha linapokaa kuliko neno la maisha. Enpass haina seva ya kuhifadhi makasha. Faili iko kwenye kifaa chako na husawazishwa kupitia Google Drive, OneDrive, Dropbox, iCloud au seva ya WebDAV uliyoichagua. Kampuni ikifunga milango, faili haiondoki. Lakini itafunguliwa na programu hiyohiyo, kwa hiyo utakuwa umeshika kasha bila fundi wa kufuli, na utahitaji kutoa data kabla mfumo wa simu haujaikataa programu. Ukilinganisha dola 100 na ada ya dola 10, leseni hiyo inahitaji miaka kumi kujilipa. Ukilinganisha na ada ya dola 36, inahitaji chini ya miaka mitatu. Jipime mwenyewe: ni programu ngapi ulizokuwa nazo kwenye simu miaka kumi iliyopita ambazo unazitumia hadi leo?

Na angalia unanunulia wapi. Leseni iliyonunuliwa ndani ya duka la Apple imefungwa kwenye akaunti ya Apple iliyonunua, na ya Google Play vivyo hivyo. Mtu akihama kutoka iPhone kwenda Android, au akiwa alinunua kwa akaunti ya ndugu, leseni inaweza kumponyoka. Kama kampuni inauza kwenye tovuti yake kwa anwani yako ya barua pepe, nunua huko, na risiti iweke nje ya kasha.

Kuna njia ambayo haiko kwenye swali kabisa, na ndiyo ningependa watu wengi zaidi waifahamu. Dominik Reichl wa Ujerumani alianzisha KeePass mwaka 2003, programu huria isiyouzwa, na muundo wa faili yake, KDBX, uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuuandikia programu. Matokeo yake ni kwamba faili moja hufunguliwa na programu nyingi za watengenezaji wasiojuana: KeePassXC kwenye Windows, Mac na Linux, KeePassDX kwenye Android, Strongbox au KeePassium kwenye iPhone. Mmoja akiacha kazi kesho, faili inafunguliwa na mwingine keshokutwa. Hakuna leseni ya maisha iliyowahi kuahidi hilo na kulitimiza. Baadhi ya programu hizi, hasa za iPhone, zina malipo. Sawa, lipa, kwa sababu ukiacha kulipa hupotezi kasha.

Gharama ya njia hii ni kazi yako, na isisemwe kwamba haina kazi. Tengeneza kasha kwenye KeePassXC, chagua muundo wa KDBX 4 na hesabu ya Argon2. Argon2 hula kumbukumbu ya RAM kwa makusudi, ili mwizi mwenye kompyuta nyingi naye alazimike kuwa na RAM nyingi. Hapa watu wengi hukosea kwa nia njema: wanapandisha kumbukumbu hadi gigabaiti nzima wakidhani wanaongeza usalama. Kwenye kompyuta kasha linafunguka. Kwenye iPhone programu yenyewe inafungua, lakini kujaza nywila ndani ya Safari kunaweza kufa kimyakimya, kwa sababu iOS huipa sehemu hiyo ya kujaza karibu megabaiti 120 tu na kuiua ikizidi. Acha kwenye megabaiti 64, ambacho ndicho kiwango cha kuanzia cha KeePassXC, na ongeza mizunguko hadi kufungua kuchukue sekunde moja hivi kwenye simu iliyo dhaifu kuliko zote ulizonazo.

Nywila kuu iwe maneno sita yaliyochaguliwa kwa dadu kutoka orodha ya maneno 7,776. Kila neno huongeza biti 12.9 za ugumu wa kubahatishwa, na sita yanafika 77. Maneno yanaweza kuwa ya Kiswahili, mradi dadu ndiyo imechagua. Mstari wa methali au wa wimbo wa taarabu haufai, kwani mashine za kubahatisha hulishwa maandishi yaliyokwisha kuandikwa. Ukiongeza faili ya ufunguo, yaani faili inayodaiwa pamoja na nywila kuu ili kasha lifunguke, iweke kwenye simu na kompyuta moja kwa moja, kamwe si kwenye folda ileile ya wingu inayobeba kasha, na uwe na nakala yake kwenye flashi. Faili hiyo ikipotea, au ikibadilika hata herufi moja, kasha halifunguki tena na hakuna wa kumpigia simu.

Usawazishaji ndio unaowashinda wengi. Ukihariri kwenye simu isiyo na mtandao, kisha ukahariri kwenye kompyuta, Dropbox itatengeneza faili ya pili yenye jina la nakala iliyogongana, na Syncthing, programu ya kusawazisha faili kati ya vifaa vyako, itafanya hivyohivyo kwa jina lake. Usifute yoyote. Fungua kasha kuu kwenye KeePassXC, nenda menyu ya "Database", chagua kuunganisha na kasha jingine, elekeza kwenye ile nakala, hifadhi, ndipo uifute. Kwenye Android, kufungua kasha moja kwa moja kutoka Google Drive wakati mwingine huacha mabadiliko yakikaa kwenye simu bila kupanda juu. Faili iliyo kwenye folda ya simu yenyewe na kusawazishwa na programu nyingine hutulia zaidi. Programu rasmi ya Syncthing ya Android ilisitishwa Desemba 2024, lakini tawi lake lililoendelezwa na wengine lipo. Nakala za akiba ziwe tatu mahali tofauti, na moja isiwe na uhusiano wowote na usawazishaji, kwa kuwa kosa nalo husawazishwa. Kasha la nywila mia tano lisilo na viambatisho ni faili ndogo kuliko picha moja ya simu. Hakuna kisingizio cha nafasi.

Kwa mtu mmoja mwenye subira ya jioni moja, hii ndiyo njia ninayoipendekeza, mbele ya leseni yoyote na mbele ya ada yoyote. Kwa familia nasema tofauti. Mzazi akisahau nywila yake kuu kwenye KeePass, imekwisha. Kwenye mpango wa familia wa 1Password, mratibu wa familia anaweza kumrejeshea mwenzake akaunti. Kwa akaunti ya mtu mmoja hakuna mratibu wa kufanya hivyo, na ndiyo maana karatasi ya dharura ambayo 1Password hukupa, yenye ufunguo wa herufi na tarakimu 34 inapaswa kuchapishwa siku ya kwanza, si siku ya msiba. Uwezo huo wa kurejesha, pamoja na kushirikiana nywila ya Wi-Fi, ya umeme na ya ada za shule bila kutumiana kwa WhatsApp, ni huduma inayoendelea, na huduma inayoendelea inastahili malipo yanayoendelea.

Ofisi ndogo vilevile. Watu watano wakishirikiana faili moja ya KDBX, kila mmoja ana kila kitu, na anayeondoka ameondoka na nakala. Kubadilisha nywila kuu hakumzuii, kwa kuwa nakala yake inafunguka kwa ile ya zamani. Itabidi mbadilishe kila nywila iliyomo, zote. Kwenye huduma ya ada mnagawa makasha kwa kazi: mhasibu haoni ya seva, fundi haoni ya benki. Akiondoka mtu, mnabadilisha zile alizokuwa akiziona tu. Tofauti ya nywila 15 na nywila 200 siku ya Ijumaa jioni ndiyo ada inayolipiwa.

Vyovyote utakavyochagua, usilipe kabla ya kujaribu kutoka. Zoezi lenyewe ni la dakika ishirini. Weka ndani ya programu vitu kumi vya uongo: nywila kadhaa, noti, kadi, kiambatisho kimoja cha picha, msimbo wa tarakimu sita, na nywila moja yenye alama za nukuu na mkato ndani yake. Toa data, kisha iingize KeePassXC, ambayo tangu toleo la 2.7.7 la Machi 2024 husoma faili za 1Password na Bitwarden. Hesabu vilivyofika. Ukitoa kwa CSV, faili ya maandishi ambayo safu zake hutenganishwa kwa mkato, kiambatisho hakitakuwepo, na alama za mkato zinaweza kuwa zimevunja mstari na kusukuma nywila kwenye safu ya maelezo. Kwa 1Password tumia muundo wa 1PUX. Kwa Bitwarden chagua JSON iliyosimbwa kwa nywila uliyoitunga wewe, si ile iliyofungwa kwenye akaunti, ambayo haiingizwi popote isipokuwa kwenye akaunti ileile iliyoitoa. Siku unayoihitaji huenda akaunti hiyo ndiyo imepotea. Na kumbuka kwamba CSV na 1PUX hazijasimbwa. Zima kwanza usawazishaji wa folda ya vipakuliwa, fanya kazi yako, futa faili, mwaga na pipa la taka. Baada ya hapo zima intaneti na ufungue programu. Isipofunguka bila mtandao, umejua kitakachotokea siku kebo ya baharini ikikatika.

Limebaki jambo moja ambalo zoezi hilo halilipimi vizuri bado, nalo ni funguo za siri. Nywila unaweza kuisoma na kuiandika karatasini. Ufunguo wa siri huwezi, na CSV haiubebi. Muungano wa FIDO, unaotunga viwango vya funguo hizi, ulichapisha rasimu ya muundo wa kuhamisha funguo hizo kati ya programu Oktoba 2024, na Apple ikaanza kuutumia kwenye iOS 26 mwaka 2025, lakini si programu zote zimefika huko. Kila ufunguo wa siri unaouweka leo ndani ya programu isiyoutoa nje unakufunga kwa kampuni hiyo kwa nguvu kuliko leseni au ada yoyote. Kwa hiyo kila tovuti unayoiwekea ufunguo wa siri, iwekee wa pili kwenye programu au kifaa kingine, na usifute nywila ya zamani mpaka umewahi kuingia kwa huo wa pili.